Nambari Niliyoibadilisha kwenye Luti ya Neema

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hadi ladha ya krispi za viazi nilizokuwa nikila: za chumvi na siki, pakiti nzima, kwa mkono mmoja tu, maana mkono wa pili ulikuwa na shughuli ya kijinga.

Najua unacheka. Mwanangu wa nani? Huyu Salim ana miaka kumi na saba, bado anavaa tai ya shule, na juzi katolewa maktaba kwa kuiga sauti ya mkuu wa shule. Yote kweli. Lakini wewe umeingia sekondari Septemba hii, begi lako linakuvuta nyuma unapopanda ngazi, na umejiandikisha na fidla yako kwenye kikundi cha muziki cha shule yetu hapa Southall. Kwa kikundi kile mimi ni mzee wa ukoo. Basi kaa. Simu weka mfukoni. Na ukitaka kunijibu kwa Kiingereza nijibu, nimezoea, mdogo wangu nyumbani ndivyo alivyo. Ila nasaha hizi nazitoa kwa lugha ya mama, kwa sababu waliohusika walinikemea kwa lugha hiyo, kila mtu kwa Kiswahili cha kwao.

Mwaka jana tulikuwa watatu. Mimi nilipiga fidla. Simran alipiga chelo, ile fidla kubwa inayokaa katikati ya magoti. Na Neema alipiga luti. Neema ni mtoto wa Mama Neema wa ghorofa ya chini yetu, watu wa Bukavu, alikuja hapa na miaka minne, na wakati huo alikuwa na kumi na tano. Luti hujapata kuiona, kwa hiyo fikiria udi unaopigwa kwenye harusi zetu za Mombasa, tumbo lile la mviringo kama tikiti lililokatwa nusu. Luti ni binamu yake aliyekulia Ulaya. Ya Neema ilikuwa na nyuzi ishirini na nne. Ishirini na nne, mwanangu! Fidla yangu ina nne na bado zinanishinda.

Luti ile aliitengeneza babu yake Simran, Babu Kirpal, Singasinga wa Nakuru, fundi mtoto wa fundi, ambaye alipostaafu alijifungia kwenye kibanda cha bustanini kwake akaanza kutengeneza ala za zamani. Kiswahili chake ni kile cha karakana za bara, hakijali ngeli na hakimwogopi mtu. Alimwona Neema akipiga gitaa kwenye sherehe ya shule, akamwita, akamwekea luti mapajani. Tangu siku hiyo Neema akawa anapanda basi kwenda kwake kila Jumapili baada ya kanisa.

Mwalimu wetu wa muziki, ambaye sote twamwita Miss basi, alitutafutia kipande kilichoandikwa miaka mia mbili na kitu iliyopita kwa ajili ya vyombo hivyo hivyo vitatu. Aliyekitunga hajulikani. Juu ya karatasi pana maneno matatu tu, luti, fidla, chelo, utadhani orodha ya sokoni. Kina sehemu tatu. Ya kwanza ina mbio na majigambo. Ya mwisho ni ya kucheza. Ya katikati ni ya polepole, na hapo fidla haikwaruzwi kwa upinde, inadonolewa kwa kidole, kwa sababu luti ina sauti ndogo na ukijitia kupaza utaifunika. Mara ya kwanza niliiona sehemu hiyo ni ya kulaza watoto. Baadaye nikawa naivizia. Luti inasema jambo, chelo inaitikia kutoka chini, mimi nadona tu kama mtu anayesema "ehe, ehe" pembeni ya mazungumzo ya wakubwa. Hata mimi, mwanangu, nilikuwa natulia.

Sasa shika mambo mawili, maana maafa yote yametokana nayo.

La kwanza: vyombo vya zamani hukazwa chini kidogo kuliko vya leo. Neema alikuwa na kidude cha kubana kichwani mwa luti, kina kioo kidogo. Ukipiga uzi kinakuonyesha kama sauti iko sawa. Kidude hicho kiliwekwa kwenye nambari mia nne na kumi na tano, kipimo cha zamani. Muziki wa leo ni mia nne na arubaini.

La pili, sheria ya Miss: luti haimfuati mtu. Kukaza nyuzi ishirini na nne ni kazi ya nusu saa, kwa hiyo Neema akishamaliza, sisi wawili tunachukua sauti kwake. Akiwa chini tunashuka. Akiwa juu tunapanda.

Ilikuwa siku ya wiki, mchana, katika ukumbi wa shule. Mama mmoja wa chuo cha muziki cha Jumamosi alikuwa anakuja kumsikiliza Neema. Chuo chenyewe kiko mjini kati, na mwaka ule walikuwa na nafasi moja tu ya mwanafunzi wa luti. Miss hajui luti. Babu Kirpal anajua kuitengeneza kuliko kuipiga. Neema alishafika mwisho wa yale ambayo mtu yeyote Southall angeweza kumfundisha. Wiki nzima hakula vizuri. Alikuwa ananiambia, "Salim, nisipopata hii, basi tena." Nami najibu, "Utapata, kwa nini usipate? Nani mwingine anataka kupiga tikiti?" Anacheka, ananipiga kofi la bega.

Unaona? Nilikuwa ndiye anayemchekesha. Nilishampaka Simran sabuni kwenye upinde, nilishambandikia Miss masharubu kwenye picha ya mlangoni, na kila mtu alicheka, Miss mwenyewe akiwemo. Nikazoea. Nikafika mahali najiona kama daktari: mwenzangu ana wasiwasi, ngoja nimpe dawa.

Neema akaenda msalani. Luti ilikuwa imelala ndani ya kasha lake, kifuniko wazi, kidude kimebanwa kichwani. Nikabonyeza kitufe. Nne kumi na tano ikawa nne arubaini. Nilichotaka ni hiki: tuanze, luti iwe juu sisi tuko chini, itoke sauti ya paka wawili ndani ya pipa, Neema aruke, niseme "ni mimi", tucheke, arekebishe, wasiwasi uishe kabla mgeni hajafika. Wallahi ndivyo nilivyopanga. Dakika moja ya kelele, basi.

Neema akarudi, akakaa, akaanza kukaza. Uzi mmoja mmoja, anazungusha vigingi vyake kichwani mwa luti. Ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama kawaida yake.

Alipofika kama uzi wa kumi akasema, "Nyuzi leo ngumu."

"Baridi hiyo," nikasema. "Hata magoti yangu yamekaza."

Simran akacheka. Neema hakucheka.

"Hapana, kweli. Kigingi kinanikatalia. Mkono unaniambia niache."

"Kidude kinasemaje?"

"Kinasema bado, nipandishe."

"Basi pandisha. Au wewe unajua kuliko mashine?"

Akaitazama luti, akaitazama mashine, akapandisha. Mimi nikatia krispi mdomoni.

Mwanangu, ningekuwa na uwezo wa kurudi mahali pamoja tu maishani nisingerudi kuzaliwa kwangu. Ningerudi hapo, nikaimeza pakiti yote pamoja na karatasi yake nisiweze kusema neno.

Maana tazama kilichotokea. Simran alikuwa ametoka kwenye orkesta kubwa ya shule, ambako chelo ilishakazwa kwa kipimo cha leo. Siku nyingine hulazimika kuishusha ili aifikie luti. Siku hiyo akagusa nyuzi, akasema, "Afadhali, leo sishushi kitu." Miss alikuwa mlangoni anampokea mgeni, kaja mapema. Akatupigia kelele kutoka kule, "Chukueni sauti kwa Neema!" Nami, kwa kuwa sheria ni sheria na mgeni anatazama, nikaipandisha fidla yangu ikafika pale pale. Tukawa sawa wote watatu. Hakuna paka, hakuna pipa. Mzaha wangu umekufa kabla ya kuzaliwa, na mtu pekee aliyejua kwamba luti imevutwa kuliko inavyostahili ni mimi.

Unajua nilihisi nini? Nilihisi nimekosa kicheko. Basi! Nikajiambia, haya, hakuna aliyeumia, nitamwambia kesho.

Tukapiga sehemu ya kwanza, na ilitoka nzuri, mwanangu, ilimeremeta. Yule mama wa chuo, mtu wa nywele fupi nyeupe na miwani ya kamba, alisogea mbele kwenye kiti. Tukaingia ya polepole. Nikaweka upinde mapajani, nikaanza kudona. Neema alifumba macho.

Halafu ukumbi ukapasuka.

Sina namna nyingine ya kukuambia. Ulikuwa mlio mmoja, mkavu, kama bunduki. Kile kibao kinachoshika nyuzi zote, ambacho kwenye luti kimegandishwa tu kifuani kwa gundi bila msumari wala skrubu, kiling'oka chote, kikaruka na nyuzi zake ishirini na nne zikipiga miluzi, kikampiga Neema kidevuni. Simran alipiga yowe. Mlinzi wa shule aliingia mbio na redio yake mkononi akiuliza nani amefyatua nini. Miss amesimama, viganja kwenye mashavu. Na Neema amekaa vile vile, mikono bado iko kwenye mkao wa kupiga, tone la damu kidevuni, anatazama uso wa luti ambao sasa haukuwa na kitu, mtupu kama sahani.

Mimi nikacheka.

Usinikimbie, nakuambia ukweli. Kilinitoka kicheko, kifupi, cha mshtuko, cha mtu ambaye mwili wake haujui sauti nyingine. Neema akageuza kichwa akanitazama. Macho yale sitaki kuyaeleza.

Yule mama wa chuo alimpangusa kidevu kwa leso yake, akamwambia pole, mara tatu nne. Kisha akaitazama luti, akasema kwa upole kabisa, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi, kwamba chombo kama hiki hutoa dalili mkononi kabla hakijafika hapo, na anayekipiga hana budi kuzisikia. Akamwambia Miss ataandika wiki ijayo.

"Nimekaza mno," Neema akasema. "Ni kosa langu."

Nami nilifanya nini? Watu walipokuwa wanaokota nyuzi, nilikichukua kile kidude, nikakirudisha nne kumi na tano, nikakiweka kwenye kasha. Vidole vyangu vilifanya hivyo kwa utulivu kiasi kwamba nilivishangaa. Sikuwa nimejua kwamba nina vidole vya namna hiyo.

Siku tatu nilikuwa bubu. Mama, ambaye ni nesi na mtu haumwi asijue, aliniwekea mkono kwenye paji la uso akasema homa huna, umefanya nini? Nikasema sijafanya kitu. Jumamosi akanitikisa asubuhi: "Mama Neema anampeleka mwanawe kwa yule mzee kuomba radhi. Nenda ukambebee mwenzio kasha, mbona kila siku unambebea?"

Nikabeba. Vituo vitatu vya basi, Mama Neema mbele yetu na sare yake ya usafi chini ya koti, ametoka kazini moja kwa moja. Nilitaka kusema, nikasema, "Basi limejaa leo." Ndiyo hotuba niliyoitoa.

Babu Kirpal alitupokea kibandani. Kuna randa ukutani, vumbi la mbao, chungu kidogo cha gundi kimekaa ndani ya maji ya moto. Akafungua kasha. Akapitisha kidole pale kibao kilipong'oka, akapiga chafya, akachukua kile kidude akakiwasha.

"Nne kumi na tano," akasema. "Hii iko sawa. Basi ni mkono yako, Neema. Mkono yako haikusikia?"

Neema akajibu kwa sauti ndogo, "Haikusikia, Babu. Mimi sina mkono wa kazi hii. Nimekuja kuirudisha. Sitashika tena."

Hapo Mama Neema, mwanamke ambaye nimemwona akimfokea polisi wa barabarani, akapiga magoti. Chini, kwenye vumbi la mbao, na sare yake.

"Baba, mutoto yangu ameharibu kazi ya mikono yako," akasema. "Mutusamehe. Sina kitu ya kukupatia."

"Mama, simama! Simama, hii si kanisa!" Babu alishtuka hata kilemba kikacheza. Akawa anamvuta mkono, Mama Neema anakataa kuinuka, Neema amegeukia ukuta.

Mwanangu, nimeona mambo London hii. Sijapata kuona kitu kilichonitisha kama magoti yale mawili. Mama wa mtu amepiga magoti kwa kitufe nilichobonyeza mimi nikiwa na krispi mdomoni.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena, kwa sauti ambayo ilivunjika katikati kama ya mtoto wa miaka kumi na miwili. "Ni mimi! Nilibadilisha nambari. Nikairudisha baadaye. Yeye hakukosea."

Mama Neema aliinua uso. "Weye?" Akaniangalia juu mpaka chini. "Weye Salimu? Weye mwenye minakupikiaka sombe?"

"Ndiyo, Mama," nikasema, mimi niliyekula kisamvu chake hicho.

"Yesu wangu," akasema.

Neema aligeuka. Nilitegemea kofi. Ningelishukuru. Lakini aliuliza swali moja tu, taratibu, kama anayeangalia hesabu mara ya pili.

"Nilipokuambia nyuzi ngumu, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa kidogo, akafungua mlango, akatoka bustanini. Mama yake akamfuata. Nikabaki mimi na mzee.

Babu Kirpal akavuta kile chungu cha gundi, akachovya kijiti, akakinyanyua tone likining'inia. "Hii ni gundi ya ngozi ya ng'ombe," akasema. "Mimi naweka hii makusudi. Nyuzi ikizidisha, gundi inaachilia. Ikikataa kuachilia, uso yote inapasuka, kwisha. Jumatano kibao itakuwa imeshika tena. Wiki ingine luti inaimba."

Mwanangu, nilihisi mtu amenitua gunia. Nikatabasamu, mjinga mimi. "Kwa hiyo si kitu, Babu?"

Akapiga meza kwa kiganja, patasi zikaruka.

"Si kitu? Mbao nitatengeneza mimi! Ile ingine nani atatengeneza?"

"Ipi, Babu?"

"Mkono ya huyu msichana ilikuwa inajua! Ilimwambia, nyuzi ni ngumu, simama. Hiyo kujua, mimi nimefundisha vijana patasi maisha yangu yote, wengine hawapati mpaka wanazeeka. Yeye alikuwa nayo. Na wewe ukamwambia mkono yake ni mwongo. Yeye akakuamini, kwa nini? Kwa sababu wewe ni rafiki. Sasa kila akishika uzi atauliza, ni mimi nasikia vibaya, ama ni mtu ananicheka? Hiyo nitaweka gundi gani? Niambie! Gundi gani?"

Mimi, ninayejibu walimu kabla hawajauliza, nikainama kuokota patasi iliyoanguka.

"Utaenda kwa yule mama wa chuo," akasema. "Na miguu yako, si na simu. Sasa toka, nina kazi."

Nilikwenda. Jumatatu nilimwambia Miss, na Miss hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Alhamisi tulipanda treni naye na Mama hadi mjini kati, na Mama hakunisemesha njia nzima ila kunirekebisha kola. Nilimweleza yule mama wa chuo kila kitu, pamoja na kicheko, pamoja na kidude. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hawezi kumpa mtu nafasi kwa sababu mtu mwingine amekiri kosa. Neema akija akapiga, atasikiliza. Asipokuja, nafasi itakwenda kwa mwingine, na siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ifuatayo.

Na Neema hakutaka kuja.

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilidhani ukishasema ukweli mambo yanarudi yenyewe mahali pake, kama kiti ulichokisogeza. Babu alileta luti imepona, akaiacha nyumbani kwao, akaenda zake. Mama Neema aliniambia ngazini, bila kunitazama sana, kwamba kasha liko kitandani kwa Neema na Neema analala kwenye kochi. Jumamosi ikapita. Jumapili ikapita. Jumatatu, Jumanne. Nilimwandikia ujumbe mrefu wa radhi, aliusoma, hakujibu. Simran akaniambia niache, nitulie, kwa mara moja katika maisha yangu nifunge mdomo.

Jumatano Neema alimfuata Miss. "Nitapiga," akasema. "Fidla apige mwalimu. Na Salim awepo. Akae mbele, nimwone."

Ijumaa, kwenye ukumbi wa chuo, nilikaa mbele. Kiti peke yangu, mikono kwenye magoti, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Neema aliingia na luti bila kile kidude. Alikuwa na uma mdogo wa chuma aliopewa na Babu, unaugonga gotini unatoa sauti moja tu, na kutokana na hiyo moja unazitafuta nyingine ishirini na tatu kwa sikio. Akaanza. Yule mama wa chuo amekaa anasubiri. Uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika karibu na mwisho akasimama, akabonyeza kidole, akakunja uso.

Nikajua: sasa ananiuliza. Hata bila kuniangalia, ananiuliza kama nacheka.

Kisha akasema kwa sauti, kwa Kiingereza, kumwambia yule mama wa nywele nyeupe, "Samahani. Huu si sawa. Naanza upya." Akazilegeza zote. Zote, mwanangu! Akaanza tena uzi wa kwanza, na hakuharakisha, na yule mama hakuangalia saa hata mara moja, na Simran akakaa na chelo yake kama askari. Nusu saa nzima nilisikiliza mtu akiuamini mkono wake, uzi kwa uzi, mbele ya yule aliyemwambia asiuamini.

Walipopiga ile sehemu ya polepole sikusikia luti yenye sauti ndogo. Nilisikia luti tu. Miss alidona pembeni, ehe, ehe, palepale nilipokuwa nakaa mimi.

Akapata nafasi. Sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na Mama Neema. Kila Jumamosi sasa anapanda treni na kasha mgongoni, analibeba mwenyewe. Tunasalimiana. Juzi alinicheka nilipoteleza ngazini, na nilifurahi kupita kiasi. Lakini haniulizi tena kitu chochote kama anavyouliza mtu anayetaka jibu. Hiyo sijaipata tena, na sijui kama nitaipata.

Basi nisikilize, maana ndicho nilichokuitia. Sikuambii uache mzaha. Mtu asiye na mzaha hapa Southall, na mvua hii, atakauka moyo kabla ya Krismasi. Fanya. Lakini siku mwenzio atakaposema "hapa kuna kitu hakiko sawa", na wewe ndiye unayejua kwa nini, mzaha umekwisha hapo hapo. Usimwongezee neno. Usimwambie ni baridi, usimwambie anajidhania, usimwambie mashine inajua zaidi. Sema "ni mimi", na useme wakati bado ni jambo la kucheka, kabla halijawa la kuokotwa sakafuni, na kabla mama wa mtu hajapiga magoti. Ukichelewa, sema vilevile. Ila usidhani kusema kwako kutarudisha kila kitu. Kutarudisha kile tu ambacho mwenzio ataamua kukupa, na kwa muda atakaoutaka yeye. Na wewe ukiwa ndiye Neema, mkono ukikuambia acha, acha, hata awe ni mimi ninayecheka.

Mwenyezi Mungu akupe mikono inayojua kazi yake na moyo wa kuisadiki. Akupe rafiki anayekuambia nyuzi ngumu, akupe na akili ya kunyamaza umsikie. Akuzidishie vicheko visivyomtoa mtu damu. Na pale utakapokosea, maana utakosea, akupe ulimi mwepesi wa kukiri na mzee mkali wa kukupigia meza. Amina. Haya, nyanyua fidla yako hapo sakafuni, kabla Simran hajaingia akaikanyaga, akasema ni mimi niliyeiweka.